Mali bila daftari: Vipandikizi vya matiti na kumbukumbu zinazokwama mpakani

Upasuaji wa urembo umeacha kuwa habari ya ng'ambo. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili nchini Tanzania ilianza kutoa huduma hizo katika tawi lake la Mloganzila. Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki dunia baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini katika kituo binafsi jijini Nairobi, na wasimamizi wa afya wa Kenya wakakifunga kituo hicho. Hapa Kampala mazungumzo yaleyale yanasikika saluni, sokoni na ndani ya mabasi ya usiku: nani amefanya, amefanyia wapi, na amelipa kiasi gani.

Kwa mfanyabiashara wa mipakani jambo hili lina sura ya pekee. Anayefuata mzigo Istanbul, Dubai au Bangkok anapita katika miji ambayo hospitali zake zinatangaza upasuaji wa matiti kama maduka yanavyotangaza vitambaa. Tiketi ya ndege imeshalipwa, hoteli ipo, na bei inaonekana nafuu. Safari moja, shughuli mbili. Mzigo ukifika Nateete unauzwa ndani ya wiki chache na hesabu inafungwa. Kipandikizi cha titi hakifungi hesabu namna hiyo. Kinakaa mwilini miaka kumi, kumi na mitano au zaidi, na kila siku mwili unakishughulikia.

Makala hii haikusudii kumhukumu mwanamke aliyeamua kuwekewa kipandikizi. Wapo waliokatwa titi kwa sababu ya saratani na wanataka kurejesha umbo lao. Wapo waliotaka tu kupendeza. Wote wawili wana haki ya kujua kinachotokea mwilini baada ya nyuzi kutolewa, na wote wawili wana tatizo moja katika ukanda wetu: kumbukumbu za kipandikizi zinabaki nchi moja, na mwili unaishi nchi nyingine.

Mwili hukipokeaje kitu kigeni

Kipandikizi cha titi ni mfuko wa silikoni uliojazwa jeli ya silikoni au maji ya chumvi. Cha kwanza cha jeli kiliwekwa Houston, Texas, mwaka 1962 na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Tangu siku hiyo jambo moja halijabadilika: mwili hukitambua kuwa si sehemu yake.

Ndani ya muda mfupi baada ya upasuaji, protini za damu hujibandika juu ya mfuko. Kisha hufika chembe nyeupe za damu, zilezile zinazofika mwiba unapokuchoma. Zinajaribu kukimeza kitu hicho na kushindwa, kwa kuwa ni kikubwa mno. Hapo mwili hubadili mbinu. Kwa kuwa hauwezi kukiondoa, unakizungushia ukuta wa nyuzi za kolajeni, yaani kovu jembamba linalokifunika pande zote. Madaktari wengine huliita ganda.

Ganda hilo si ugonjwa. Kila mwenye kipandikizi analo, na kwa wanawake wengi linabaki jembamba na laini bila usumbufu wowote. Mwili hufanya vivyo hivyo kwa kifaa cha moyo au nyonga ya chuma. Maswali huanza ganda linapobadilika, mfuko unapochakaa, au bakteria wanapojificha kati ya hivyo viwili.

Ganda linapokaza

Tatizo linalojulikana zaidi ni ganda kukaza. Kovu hunenepa na kujibana, titi likawa gumu, likapanda juu au kupinda, na baadaye likauma. Madaktari hupima hali hiyo kwa daraja nne zinazoitwa za Baker: ya kwanza titi ni laini kama kawaida, ya nne ni gumu, limebadilika umbo na linauma. Anayefika daraja ya tatu au ya nne mara nyingi huhitaji upasuaji mwingine. Sababu moja inayotiliwa mkazo ni bakteria wachache wa kawaida wa ngozi wanaoingia wakati wa upasuaji na kujijengea utando juu ya mfuko. Hawaleti homa wala usaha. Wanauchokoza tu mwili miezi na miaka.

Tatizo la pili ni kupasuka. Mfuko wa maji ya chumvi ukipasuka titi hunywea, na mwenyewe anajua siku hiyohiyo au baada ya siku chache. Mfuko wa jeli unaweza kupasuka kimyakimya, jeli ikabaki ndani ya ganda, na mwanamke akaendelea kubeba marobota yake bila kujua. Ndiyo maana FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri wenye vipandikizi vya jeli wapimwe kwa altrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama hawaumwi. Mamlaka hiyo inasema wazi pia kwamba vipandikizi si vifaa vya maisha. Kati ya waliowekewa kwa ajili ya kuongeza ukubwa, hadi asilimia 20 huwa wameviondoa ndani ya miaka minane hadi kumi.

Hesabu hiyo mfanyabiashara anaielewa haraka. Bei ya kwanza si bei yote. Mwenye kununua lori huweka akiba ya matairi na injini. Anayewekewa kipandikizi anapaswa kuweka akiba ya vipimo na ya upasuaji wa pili, na ajue mapema utafanyika wapi.

Kuna mambo mengine yasiyotajwa kwenye matangazo. Ngozi yetu Waafrika ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota makovu manene ya keloidi, hivyo aliyewahi kuota keloidi baada ya kutoboa sikio au kuchanjwa amwambie daktari kabla ya kisu. Kunyonyesha huwezekana kwa wengi, lakini maziwa yanaweza kupungua, hasa ikiwa mkato ulipita karibu na chuchu. Kipandikizi kinaweza pia kuficha sehemu ya titi kwenye picha ya mamogramu, kwa hiyo mpimaji aambiwe mapema ili apige picha za ziada.

Uchovu usio na kipimo

Wapo wanawake wanaolalamikia mwili mzima: uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo, kusahau, nywele kukatika, upele. Duniani hali hiyo imepewa jina la ugonjwa wa vipandikizi, ingawa haijawa utambuzi rasmi wa kitabibu na hakuna kipimo kimoja cha kuithibitisha. Mwaka 1999 jopo la wanasayansi wa Marekani lilipitia ushahidi uliokuwepo na halikuona kwamba silikoni inasababisha magonjwa ya mwili mzima. Hata hivyo malalamiko hayakukoma, na baadhi ya wanawake huripoti nafuu baada ya kuviondoa. Oktoba 2021 FDA iliagiza vipandikizi viwe na onyo kali zaidi linalotaja dalili hizi, na kwamba visiuzwe kwa kituo ambacho hakitampitisha mteja kwenye orodha ya hatari kabla hajaamua.

Kwa ukanda wetu hapa pana ugumu wa ziada. Uchovu na maumivu ya viungo ni dalili za malaria, upungufu wa damu, tezi la shingo na mengine mengi. Daktari wa kliniki ya mtaani Nateete au Busega atapima hayo kwanza, na atakuwa sahihi. Lakini mgonjwa asipotaja kwamba ana kipandikizi, kwa aibu au kwa kudhani hakihusiki, daktari hana njia ya kufika huko.

Saratani iliyojitokeza polepole

Jambo zito zaidi ni saratani moja nadra. Si saratani ya titi lenyewe. Ni saratani ya chembe za kinga, yaani limfoma, inayoota katika ganda na majimaji yanayozunguka kipandikizi. FDA ilitangaza uwezekano wa uhusiano huo mwaka 2011, na Shirika la Afya Duniani likaitambua mwaka 2016. Imehusishwa zaidi na vipandikizi vyenye uso wa mparuzo kuliko vyenye uso laini. Aprili 2019 Ufaransa ilipiga marufuku vile vyenye mparuzo mkubwa. Julai 24 mwaka huohuo kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya aina ya BIOCELL. Wakati huo FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 duniani na vifo 33, na wagonjwa 481 kati yao walihusishwa na vipandikizi vya Allergan.

Ukilinganisha na mamilioni ya wanawake wenye vipandikizi, idadi hiyo ni ndogo, na mamlaka hazikuagiza wasio na dalili waviondoe. Lakini angalia muda wake. Mara nyingi ugonjwa huu hujitokeza miaka saba hadi kumi baada ya upasuaji. Dalili kuu ni titi moja kuvimba ghafla kwa majimaji baada ya miaka ya utulivu, au uvimbe kujitokeza karibu na kipandikizi au kwapani. Ukigunduliwa mapema, wengi hupona kwa kuondolewa kipandikizi pamoja na ganda lake. Ukicheleweshwa, unaweza kusambaa na kuua.

Sasa jiulize: mwanamke aliyewekewa kipandikizi Istanbul mwaka 2016, anayeishi Lungujja na kuuza nguo Goma, titi lake likivimba leo, nani anajua kilikuwa cha kampuni gani? Cha uso laini au wa mparuzo? Kilikuwa katika toleo lililoondolewa sokoni au la?

Mfano wa mzigo bandia

Si swali la kinadharia. Mwaka 1991 Mfaransa Jean-Claude Mas alianzisha kampuni ya Poly Implant Prothèse, maarufu kama PIP, kusini mwa Ufaransa. Vipandikizi vyake viliuzwa katika makumi ya nchi vikiwa na muhuri wa ubora wa Ulaya. Machi 2010 wakaguzi waligundua kwamba vilijazwa silikoni ya viwandani ya bei rahisi, isiyoidhinishwa kwa matumizi ya mwilini. Wanawake walioathirika walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wapatao 30,000 nchini humo waviondoe. Mas alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013.

Somo la PIP kwa mtu wa mipakani ni jepesi kuliona: muhuri si mzigo. Anayenunua simu au vipodozi anajua kwamba kisanduku kizuri hakithibitishi kilichomo. Lakini kuna somo la pili, na hilo ndilo kubwa zaidi. Nchi zilizokuwa na madaftari ya wagonjwa ziliweza kuwatafuta wanawake wao. Kwingine, mwanamke alisikia habari redioni na kubaki akijiuliza kama yeye ni mmoja wao.

Lubaga inajua thamani ya daftari

Ajabu ni kwamba ushahidi bora wa nguvu ya daftari uko hapahapa Lubaga. Divisheni hii ina hospitali mbili kati ya zile kongwe kabisa nchini: Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook kwenye kilima cha Namirembe, na Lubaga, iliyoanzishwa mwaka 1899 na masista wa Kikatoliki. Cook alikuwa na tabia ya kuandika kila mgonjwa. Mwaka 1964, zaidi ya miaka sitini baadaye, watafiti wa Kampala walichapisha uchambuzi wa saratani uliotokana na kumbukumbu za Mengo za kuanzia mwaka 1897 hadi 1956. Karatasi za zamani ziliwawezesha kujua ni saratani gani zilikuwepo na zipi zilibadilika.

Miaka hiyohiyo, daktari Denis Burkitt wa Mulago alikuwa akifuatilia uvimbe wa taya kwa watoto. Aliuandikia mwaka 1958. Kisha akafanya jambo ambalo kila mfanyabiashara wa njia kuu atalielewa: akatuma maswali kwa hospitali za nchi jirani, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari na kusafiri takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda kupitia Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, wala haufuati mipaka ya nchi. Leo dunia nzima inaujua kwa jina la limfoma ya Burkitt.

Ni limfoma nyingine kabisa na ya vipandikizi, zisichanganywe. Lakini njia ya kuzigundua ni ileile. Ugonjwa nadra hauonekani na daktari mmoja anayeona mgonjwa mmoja. Huonekana pale wagonjwa wachache wa Kampala, wachache wa Kisumu na wachache wa Mwanza wanapoandikwa katika hesabu moja. Kampala ina daftari la saratani tangu mwaka 1951, miongoni mwa makongwe barani Afrika. Daftari hilo humwandika mgonjwa akishaugua. Linalokosekana ni la kuandika kifaa siku kinapoingia mwilini, na kumfuata mwenye nacho anapovuka mpaka.

Soko moja, kumbukumbu nyingi

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Watu, huduma na bidhaa vinavuka. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anapata cheti rahisi cha asili pale Busia au Mutukula, na karatasi hiyo inasomeka pande zote mbili. Nyanya ina cheti. Mchele una cheti. Kifaa kilichomo kifuani mwa mwenye nyanya hakina karatasi inayosomeka pande mbili.

Kila nchi ina chombo chake. Uganda ina Mamlaka ya Taifa ya Dawa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu na baraza lake la madaktari. Tanzania ilibadili jina la mamlaka yake mwaka 2019 ili litaje waziwazi vifaa tiba. Vyombo hivi vina kazi nyingi, na vipandikizi vya matiti si ajenda ya kwanza mbele ya malaria na vifo vya uzazi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini daftari la vipandikizi halihitaji hospitali mpya. Linahitaji fomu moja inayofanana: jina la kampuni, aina ya uso, namba ya toleo, tarehe, kituo na namba ya simu ya mwenye nacho. Likianza na vipandikizi vya matiti, linaweza kupokea pia nyonga za chuma na vifaa vya moyo, ambavyo navyo vinaongezeka.

Hadi siku hiyo ifike, daftari ni la mwenyewe. Hospitali yoyote inayoweka kipandikizi halali ina kadi au stika yenye namba ya toleo. Idai kabla ya kulipa salio, kama unavyodai risiti kabla ya kupakia. Ipige picha, itume kwa mtu unayemwamini nyumbani, na usiiache kwenye begi la mzigo. Asiye na kadi aiandikie hospitali iliyomfanyia aombe nakala ya taarifa ya upasuaji. Kadiri miaka inavyopita ndivyo kituo kinavyoweza kufungwa au kupoteza majalada.

Anayepanga kufanya apange na siku za kupumzika. Kukaa saa nyingi kwenye ndege au kwenye basi la kwenda Juba mara baada ya upasuaji kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni na donge kukimbilia mapafuni. Kubeba marobota kabla kidonda hakijapona kunaweza kukifungua. Na maambukizi yanaweza kujitokeza baada ya kurudi nyumbani: Marekani iliwahi kuwapata na bakteria sugu wa jamii ya wale wa kifua kikuu wanawake waliokwenda Jamhuri ya Dominika kufanyiwa upasuaji wa urembo. Kidonda kisichofunga, kinachotoa maji wiki hadi wiki, kisipakwe dawa ya duka. Kionwe na daktari, na daktari aambiwe upasuaji ulifanyika nchi gani.

Ama sindano za silikoni ya maji, zinazotolewa nje ya hospitali kwa ahadi ya kukuza matiti au makalio, hizo ni jambo jingine kabisa. Hazina mfuko wa kuzizuia. Zikiingia katika mshipa zinaweza kwenda mapafuni au kwenye ubongo na kuua, na zikishasambaa kwenye nyama hakuna upasuaji unaoweza kuziondoa zote. Bei yake ndogo isimdanganye mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa ukanda huu waliufanya msemo huo kuwa sheria ya duka. Vyama vyao, hasa vya wanawake wa mipakani, vina sauti mbele ya mawaziri wa Jumuiya pale yanapojadiliwa mambo ya forodha. Sauti hiyohiyo inaweza kudai kitu kimoja zaidi: kadi ya kifaa tiba inayotambulika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Kigali na Goma, ili siku titi litakapovimba, muuguzi wa Lubaga asianze kwa kubahatisha.